Mizani, Daftari na Simu: Safari ya Pamba kutoka Shambani hadi Kinuni

Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi

Nimeombwa nizungumze juu ya matumizi ya vyombo vya kidijitali katika kukusanya, kutunza na kusafirisha mazao ya wanachama wetu. Najua kwamba wengi kati yenu mmekwisha kusikia mengi juu ya jambo hili, na aghalabu aliyewaeleza alikuwa na kifaa mkononi alichotaka kukiuza. Mimi sina kifaa cha kuuza. Nilikuwa katibu wa chama cha msingi kwa misimu mingi kabla ya kuhamia kazi nyingine katika ushirika, nami nitasema kama katibu anavyosema na makatibu wenzake.

Neno langu ni moja, na nitalitaja mapema ili asiyeweza kukaa mpaka mwisho aondoke nalo. Chombo cha kidijitali kina faida kwa chama pale tu kinapomwezesha mwanachama kuhakikisha mwenyewe kilo zake na fedha zake. Chombo kinachomwondolea mwanachama uwezo huo kinatudhuru, hata kama ni kipya na kimetugharimu fedha nyingi.

USHIRIKA WETU ULIANZIA KWENYE MIZANI

Ndugu wanachama, jambo la mizani si geni katika nchi hii ya Usukuma. Kabla ya vyama kupata nguvu, pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara binafsi. Mkulima alibeba mzigo wake mpaka dukani au kinuni. Mnunuzi ndiye aliyepima, ndiye aliyesoma uzito, ndiye aliyeandika na ndiye aliyelipa. Mkulima alirudi nyumbani na fedha alizopewa pamoja na mashaka yake, wala hakuwa na ushahidi wowote wa kudai zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walianza kuweka wapimaji wao wenyewe. Watu hao walikuwa na mizani yao, wakaipima pamba ya mkulima kabla haijafika kwa mnunuzi. Tazameni jinsi jambo hilo lilivyokuwa dogo. Hapakuwa na kiwanda wala benki. Palikuwa na mizani ya pili na mtu wa kuisoma kwa haki. Lakini mkulima aliyejua uzito wa mzigo wake kabla ya kufika dukani hakuwa tena mtu yule yule. Kutokana na juhudi za namna hiyo vyama vya msingi vikaota mizizi, na mwaka 1955 ukaundwa muungano uliojulikana kwa jina la Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao ndugu Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake wakubwa. Muungano huo ukawa miongoni mwa miungano mikubwa ya ushirika katika Afrika.

Baada ya hapo tulipita katika mabonde na milima. Mwaka 1966 Tume Maalum ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika ilieleza kasoro zilizokuwamo, na miongoni mwa zile za kwanza ilitaja kwamba wanachama wenyewe hawakuelewa vya kutosha mambo ya vyama vyao. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ikaurudisha ushirika, na vyama vikuu vikaundwa upya. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, nasi tukajikuta tukishindana na watu wenye fedha taslimu na malori. Leo tunafanya kazi chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na tangu msimu wa 2018 vyama vya msingi vimepewa tena nafasi kubwa ya kuwa mahali pa kukusanyia na kuuzia pamba.

Nimeyapitia hayo kwa haraka kwa sababu moja. Kasoro iliyotajwa mwaka 1966, yaani mwanachama kutoelewa mambo ya chama chake, haitibiwi na mashine. Mashine yaweza kuipunguza, na yaweza pia kuizidisha. Hilo linategemea sisi tulioko katika chumba hiki.

KILO MOJA HUANDIKWA MARA NGAPI?

Hebu tuifuate kilo moja ya pamba mbegu. Mwanachama anaichuma, anaianika, anatenga pamba safi na pamba fifi, kisha anaileta kituoni. Hapo inapimwa na kuandikwa katika kitabu cha stakabadhi. Jioni katibu anajumlisha stakabadhi zote na kuandika jumla katika daftari la siku. Mzigo unaingia ghalani, nayo kilo inaandikwa katika daftari la ghala. Lori linakuja, na kilo inaandikwa katika hati ya kusafirishia. Kinuni inapimwa tena na kuandikwa katika hati ya mapokezi. Mwishowe inaandikwa katika orodha ya malipo. Kilo moja imeandikwa mara sita, na kila inapoandikwa mkono waweza kuteleza. Saba husomeka moja, sifuri huongezeka au hupotea, na majina ya wanachama wawili wanaofanana huchanganywa.

Nami niseme lililonipata. Msimu mmoja, nikiwa katibu, tulipakia lori jioni, karibu na mwisho wa ununuzi. Hati yangu ilionyesha kilo 9,640. Baada ya siku mbili nikaletewa hati ya mapokezi inayoonyesha kilo 9,215. Kilo 425 zilikuwa zimepotea mahali fulani kati ya ghala letu na kinu. Je, pamba ilipungua uzito kwa kukauka? Je, kuna aliyeshusha magunia usiku, lori lilipolala njiani? Je, mizani yetu ilizidisha, au yao ilipunguza? Au mimi mwenyewe nilikosea kujumlisha kwa taa ya kandili? Sikuwa na cha kuwajibu wanachama. Upungufu ule ulilipwa kutoka katika ushuru wa chama, na wapo waliosema wazi mkutanoni kwamba katibu amekula. Mpaka leo sijui kilo zile zilikwenda wapi. Ninachojua ni kwamba mtu mwaminifu na mwizi wangekuwa na daftari lile lile, na mwanachama asingeweza kuwatofautisha.

Makatibu wenzangu, nadhani wengi wenu mnayo hadithi kama hiyo. Ndiyo maana nasema kumbukumbu nzuri humlinda mwanachama, na humlinda katibu pia.

KAZI YA VYOMBO HIVI

Sasa tutazame vyombo vyenyewe. Cha kwanza ni mizani ya kidijitali. Uzito unaonekana kwa tarakimu kubwa ambazo hata mtoto wa shule anaweza kuzisoma. Mizani iliyo bora hutunza uzito huo pamoja na namba ya mwanachama, saa na tarehe, na huchapa karatasi papo hapo. Kilo inaandikwa mara moja, mahali ilipopimwa, mbele ya mwenyewe. Hesabu ya siku, daftari la ghala na orodha ya malipo vyote hutoka katika andiko hilo moja, wala hapana mtu anayenakili upya.

Tukadirie thamani ya jambo hili kwa mfano. Tuseme chama kina wanachama 300, na kila mmoja analeta kilo 600. Hizo ni kilo 180,000. Tuseme mizani inapunguza kilo 1 tu katika kila kilo 50. Mwanachama mmoja anapoteza kilo 12, na huenda asitambue. Lakini chama kizima kimepoteza kilo 3,600. Tukizipiga kwa shilingi 1,200, bei iliyotangazwa kwa msimu wa 2019, hasara ni shilingi 4,320,000. Hiyo ni hasara ya msimu mmoja, katika kijiji kimoja, kwa kosa ambalo jicho halilioni.

Chombo cha pili ni simu. Hapa sisemi simu ya bei kubwa. Hata ile ndogo tunayoiita kitochi inapokea ujumbe mfupi. Mwanachama akishapima, ujumbe unaweza kumfikia ukitaja kilo, daraja la pamba na fedha anazodai. Mkewe au mwanawe aliyebaki nyumbani anaweza kuusoma. Wenzetu wametutangulia katika hili. Nchini Kenya wakulima wadogo wa majani chai hupimiwa kwa mizani ya kidijitali kituoni. Huko India, katika vyama vya maziwa vya eneo la Anand, ambako ushirika ulianza mwaka 1946, mwenye ng'ombe mmoja tu huleta maziwa yake asubuhi, yakapimwa wingi na mafuta yake kwa mashine, akaondoka na karatasi inayoonyesha vyote viwili pamoja na fedha zake. Huko chama kinapokea maziwa kutoka kwa maelfu ya watu maskini, na kila mmoja anajua haki yake kabla hajafika nyumbani.

Kazi ya tatu ni usafirishaji, na hapa ndipo vyama vyetu vinapoumia zaidi pasipo kusema. Pamba ni zao linalojaza nafasi kubwa. Ghala la chama likijaa, ununuzi unasimama. Ununuzi ukisimama siku tatu, mwanachama mwenye mgonjwa au mwenye karo ya kulipa hawezi kungoja. Usiku anamwita mlanguzi, anauza kwa bei ya kutupa, na pamba ambayo ingekuwa ya chama imekwenda. Zamani katibu alipaswa kupanda baiskeli hadi mjini kuomba lori. Lori likija, huenda likakuta tani tatu tu, likaondoka nusu tupu, huku kijiji cha jirani kikiwa na mzigo hadi nje ya mlango.

Iwapo kila kituo kinapeleka jumla yake kwa simu kila jioni, chama kikuu kinaweza kuona kwamba kijiji cha kwanza kina tani 3, cha pili 4 na cha tatu 3, navyo viko katika njia moja. Lori moja la tani 10 linavipitia vyote na kurudi likiwa limejaa. Dereva akiwa na kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti, tunajua lilipolala na lilisimama kwa muda gani. Kadhalika tunaweza kupanga kuyatangulia maji. Ninyi mnaolima katika udongo wa mbuga mnajua kwamba mvua za kwanza zikinyesha, lori lililochelewa haliingii tena kijijini.

Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa mwezi Juni 2025, nalo limeondoa kungoja kivuko kati ya Mwanza na Geita. Reli na bandari kavu ya Isaka viko mlangoni petu. Lakini daraja halimsaidii mkulima ambaye mzigo wake umengojea wiki mbili ghalani kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba upo. Saa nyingi tunazozipoteza tunazipoteza kabla lori halijawashwa.

Mambo hayo hayo yanahusu pembejeo. Katika kanda yetu pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Mbegu inayofika mwezi Januari, hata ikiwa mbegu bora ya UKM08 iliyotoka katika utafiti wa Ukiriguru, imefika baada ya harusi. Dawa ya funza wa vitumba nayo ina siku zake. Chama chenye daftari sahihi la wanachama na ekari zao kinaweza kuagiza mapema na kugawa kwa haki. Chama chenye daftari la kubahatisha huletewa pungufu, na kile kidogo kinachofika huwafikia walio karibu na ghala. Mwaka 2022 Serikali ilipoanzisha ruzuku ya mbolea, wakulima waliandikishwa katika daftari la kidijitali na kupewa namba zao. Tulijifunza kwamba katika mfumo wa namna hiyo daftari ndilo mlango. Ambaye jina lake halimo, au limeandikwa vibaya, hubaki nje hata kama shamba lake linaonekana na watu wote.

FUNZO KUTOKA SOKO LA DHAHABU

Ndugu zangu, tunaishi katika ukanda wa dhahabu. Tuna Geita, tuna Bulyanhulu, na kuna machimbo madogo mengi kati yake ambako vijana wetu wamekwenda. Nataka tujifunze jambo moja kutoka huko.

Kwa miaka mingi mchimbaji mdogo aliuza dhahabu yake pembeni mwa shimo, kwa mnunuzi aliyekuja na mizani yake mfukoni na bei yake kichwani. Hali yake haikuwa mbali na ya mkulima wa pamba kabla ya ushirika. Mwezi Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa mjini Geita, na masoko mengine yakafuata katika mikoa mbalimbali. Katika soko hilo dhahabu inapimwa mbele ya mwenyewe, ubora wake unapimwa kwa mashine, bei inajulikana, na mauzo yanaandikwa pale pale. Serikali inapata mrabaha wake na mchimbaji anapata hati yake.

Sisemi kwamba masoko hayo hayana kasoro. Kila soko lina zake. Wala sisemi kwamba pamba ni kama dhahabu. Mchimbaji anaweza kubeba kazi yake ya mwezi mzima katika kitambaa. Mkulima anahitaji lori. Lakini kanuni ni ile ile. Uzito, ubora na bei vijulikane mahali pamoja, kwa wakati mmoja, mbele ya mwenye mali, na andiko lake lisibadilike baadaye. Kwa miaka ya karibuni dengu na choroko za mikoa yetu nazo zimeuzwa kwa stakabadhi za ghala na kwa minada ya Soko la Bidhaa Tanzania, ambako bei hushindanishwa kwa mtandao. Katika mfumo huo pia mkulima hana ulinzi mwingine ila stakabadhi yake. Ikikosewa ghalani, mnada mzuri hautamsaidia.

HATARI ZA KUZINGATIA

Sasa niseme juu ya hatari, maana yeyote anayesifu chombo bila kutaja hatari zake ni mchuuzi.

Kwanza, mizani ya kidijitali yaweza kudanganya kama ile ya zamani, tena kwa utulivu zaidi. Ile ya zamani mkulima aliweza kuona mkono wa mpimaji ukigusa chuma. Hii yaweza kurekebishwa ndani, ikaonyesha tarakimu nzuri zenye uongo. Kwa hiyo isitumike mizani yoyote ambayo haijakaguliwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo, na baada ya chapa hiyo asiifungue mtu.

Pili, neno la siri. Nimeona katibu, karani na mtoto wa katibu wote wakilijua neno moja la siri la kuingilia katika kumbukumbu za chama. Katika daftari la mkono tungeweza kutambua mwandiko. Katika mashine, kila aliyeingia kwa jina la katibu ni katibu. Siku kosa litakapotokea, ni katibu atakayeulizwa.

Tatu, umeme na mtandao. Kuna vijiji vyetu ambavyo simu haishiki mpaka upande kichuguu. Chagueni vyombo vinavyotunza kumbukumbu vyenyewe bila mtandao na kuzituma baadaye, na vyenye betri inayoweza kuchajiwa kwa nguvu ya jua. Siku vitakapozimika, ununuzi uendelee kwa kitabu cha stakabadhi.

Nne, jina linaloandikwa. Katika kaya nyingi mama ndiye anayepalilia na kuchuma, lakini simu na uanachama viko kwa jina la baba. Fedha zilipokuwa zikilipwa mkononi, angalau mama alikuwepo akaona. Fedha zikienda moja kwa moja katika simu, huenda asijue hata siku zilipoingia. Chama hakiwezi kutawala nyumba ya mtu, ila kinaweza kumwandikisha mama mwenye shamba lake kwa jina lake na kwa namba yake ya simu. Hilo liko katika uwezo wetu, nasi hatujalifanya vya kutosha.

Tano, siri za wanachama. Majina, namba za simu, namba za vitambulisho na mapato ya watu ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana nasi pia. Haifai orodha ya wanachama kusambazwa kwa wauza dawa au wakopeshaji kwa sababu tu walimnunulia karani chai.

Sita, na hili ndilo kubwa. Mashine haileti fedha. Mnakumbuka msimu wa 2019. Bei ilitangazwa, pamba ikaletwa, kisha bei ya dunia ikaanguka na wakulima wengi wakakaa miezi bila malipo. Hakuna simu ambayo ingezuia bei ya dunia kushuka. Lakini tofauti ilikuwapo kati ya mkulima mwenye hati inayosomeka na yule mwenye karatasi iliyofutika. Wa kwanza alikuwa na deni analoweza kulidai, na wa pili alikuwa na manung'uniko.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA MSIMU

Ununuzi katika kanda yetu huanza kwa kawaida mwezi Mei. Naomba kila chama kifanye haya kabla ya siku hiyo:

1. Daftari la wanachama lisomwe kwa sauti katika mkutano, jina kwa jina. Waliofariki waandikwe warithi wao, waliohama waondolewe, na namba za simu zihakikishwe kwa kupigiwa pale pale.

2. Chama kiwe na jiwe la kupimia la kilo 20 lililothibitishwa. Kila asubuhi, kabla ya mzigo wa kwanza, liwekwe juu ya mizani mbele ya wanachama waliopo, na matokeo yaandikwe na kutiwa sahihi na wawili kati yao.

3. Uzito usomwe kwa sauti kila unapopimwa, hata kama mashine inauonyesha. Wapo wasiosoma, na wapo wasioona vizuri.

4. Karatasi itolewe papo hapo, ujumbe wa simu ufuate. Mwanachama asikubali ujumbe bila karatasi mpaka mfumo utakapozoeleka.

5. Kwa msimu wa kwanza daftari la mkono litunzwe sambamba na mashine, na kila wiki mahesabu mawili yalinganishwe. Yakitofautiana, sababu itafutwe wiki hiyo hiyo.

6. Uzito wa kupakia na uzito wa kupokelewa kinuni viandikwe katika hati moja. Mwakilishi wa chama afuatane na lori la kwanza ili mizani mbili zilinganishwe. Tofauti isemwe siku hiyo.

7. Jumla ya kila siku ibandikwe ukutani: kilo zilizonunuliwa, kilo zilizoondoka, kilo zilizobaki. Kalamu na karatasi vinatosha kwa kazi hiyo.

8. Kila anayetumia mashine awe na neno lake la siri, na akiondoka kazini libadilishwe siku hiyo.

Mtaona kwamba katika mambo hayo manane zaidi ya nusu hayahitaji umeme. Chama kinachoyafanya kitanufaika na mashine kikiipata. Chama kisichoyafanya kitakuwa kimenunua kabati ghali la kufichia makosa ya zamani.

Aidha, nawaomba makatibu msiuone ukaguzi huu kama dharau. Nilipokuwa na zile kilo 425 mikononi, ningetoa mshahara wa miezi mingi ili niwe na hati moja yenye uzito wa pande mbili. Katibu anayewaruhusu wanachama wamkague kila siku hana haja ya kuapa katika mkutano mkuu.

HITIMISHO

Ndugu Mwenyekiti, kijana wa Kahama au wa Geita leo ana njia mbili mbele yake. Anaweza kushika jembe, na anaweza kushuka shimoni. Shimo lina hatari kubwa, nasi tumezika watu. Hata hivyo anakwenda, na mara nyingi nimewasikia vijana wakieleza sababu kwa maneno yale yale: kule nikipata gramu yangu naiona ikipimwa, na jioni najua nilichonacho. Hawasemi kwamba dhahabu ni nyingi. Wengi wao wanajua kwamba si nyingi. Wanasema kwamba inapimwa wakiiona.

Kijana huyo akija katika chama chetu na magunia yake manne, akapimiwa kwa mizani anayoiamini, akapewa karatasi, akapata ujumbe katika simu yake na fedha zake kwa siku iliyoahidiwa, tutakuwa tumempa sababu ya kulima tena mwakani. Akiambiwa arudi kesho, na kesho kutwa, kwa kuwa daftari halionekani, hatarudi. Wala hatakuja kuwa mjumbe wa bodi, wala katibu baada yenu.

Wazee wetu wa miaka ile ya 1950 waliweka mtu mwenye mizani kando ya njia ili mkulima ajue uzito wa mzigo wake. Kazi hiyo haijakwisha. Sasa tunayo mizani bora kuliko ile yao, na simu ambazo hawakuziota. Twendeni tukaanze na daftari, tukaanze na lile jiwe la kilo 20, na tukaanze kabla ya Mei.